Mtoto Aliyechorwa Kwenye Mabati

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: ukimkuta mtoto wako katikati ya soko, amechorwa kwa rangi, anakutazama, na wewe unajua kwamba mtoto huyo alikufa zamani lakini aliyemchora hajui, utafanya nini?

Mumbua aliketi. Aliketi juu ya kreti ya nyanya ambayo haikuwa yake, na nyanya za juu zikapasuka zikamlowesha sketi. Mwenye nyanya, mama mmoja wa Migwani mwenye maneno mengi, akamwambia, "Mama, hicho si kiti cha kanisa." Mumbua akasema pole. Akainuka, akajifuta, kisha akaketi tena palepale.

Alikuwa ameleta vitunguu kutoka Kibwezi. Tangu barabara ya kupitia Mutomo iwekwe lami, wenye vitunguu waligundua kwamba Kitui kuna bei nzuri, wakawa wanachangiana pikapu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia soko lile, na wakati huo alikuwa anatafuta choo tu. Akapita nyuma ya vibanda vya mitumba, akakata kona, akatokea mbele ya ploti ya Bwana Shee iliyozungushiwa mabati.

Yalikuwa mabati ya zamani, yale mazito, yameanza kushika kutu kwenye kingo. Juu yake palichorwa mwanamke mkubwa kuliko mtu, kwa ile rangi ya mikebe ambayo vijana huitikisa kwanza ikalia kwachakwacha ndipo waipulize. Mwanamke anaonekana mgongo tu. Begani ananing'iniza kyondo, kikapu cha kusukwa chenye mistari ya kahawia. Miguuni ana viatu vya plastiki, kimoja kimekatika ukanda kikafungwa kwa katani. Anateremka barabara nyekundu inayopinda kati ya migomba na mikahawa, na kwenye pindo la sketi yake vumbi limepulizwa kidogokidogo mpaka ukiliangalia unatamani kulipangusa. Mgongoni amembeba mtoto kwa leso ya njano. Kichwa cha mtoto kimechomoza juu ya leso, na mtoto amegeuka anatazama nyuma. Katika mchoro mzima, uso ulikuwa huo mmoja tu.

Sikio la kushoto la mtoto lilikuwa limejikunja kwa juu, kama jani la mharagwe lililopigwa na jua.

Watoto wengi hufanana, hilo Mumbua alilijua. Lakini sikio lile alilizaa yeye. Kiatu kile kilikuwa chake, na ile katani aliifunga mwenyewe asubuhi ya siku aliyoondoka Kikima.

Basi tumrudishe Kikima kidogo, tujue alivyoondoka.

Mumbua aliolewa kule milimani Mbooni, kwenye baridi na ukungu, na mume wake aliitwa Mbithi. Walizaa msichana, Nzisa, na miaka ikapita ndipo wakampata mvulana. Mvulana akapewa jina la babu yake mzaa baba, Mbuvi, kama ilivyo kawaida yetu. Sasa, babu huyo alikuwa amekwisha kufa, na mjane wake, mama mkwe wa Mumbua, Kathini, alimpokea yule mtoto kwa mikono miwili akamwita mume wangu. Ndivyo wanawake wa kwetu wanavyofanya, wala si mzaha. Akipika uji angesema, "Mume wangu amekula?" Akitoka sokoni angemletea ndizi akamwambia, "Mzee, usiseme sikukukumbuka." Mumbua naye, kwa heshima, hakuweza kulitamka jina la baba mkwe wake, kwa hiyo hata mtoto wake wa kumzaa hakumwita Mbuvi. Alimwita Mzee.

Kisha Mbithi akafukiwa na mchanga. Alikuwa akichimba mchanga wa malori mtoni, ukingo ukamwangukia. Mvua nazo zikakataa, mahindi yakakauka yakiwa magotini, na Mumbua akasikia kwamba Kibwezi kuna mashamba ya kumwagilia yanayotaka vibarua.

"Nenda," Kathini akamwambia. "Lakini niachie mume wangu. Kibwezi kuna mbu, na huyu mbu hajawahi kumwona hata mmoja."

"Mwaitu, bado ananyonya," Mumbua akasema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Mbuzi ana maziwa."

Mumbua hakutaka ubishi. Nzisa alikuwa aanze darasa la kwanza, sare ilikuwa imeshonwa tayari, inaning'inia ukutani, kwa hiyo huyo angebaki. Mtoto mchanga alimfunga mgongoni alfajiri, akachukua kyondo, akasema angerudi mvua zikianza. Alimwacha Nzisa mlangoni akiwa ameinua mkono. Hakugeuka, kwa sababu alijua akigeuka hatakwenda.

Mvua zilianza, na mbu wakaja na mvua. Mtoto alichemka siku mbili. Daraja la kwenda hospitali lilikuwa limefunikwa na maji. Akafia mapajani mwa mama yake ndani ya kibanda cha vibarua, na jirani yake, Katunge, akamsaidia kuchimba kaburi pembeni mwa shamba la watu. Walimzika na ile leso ya njano. Baadaye shamba likauzwa, trekta ikapita, mabomba ya matone yakatandazwa, na leo ukimwuliza Mumbua mtoto wake amelala wapi, atakuonyesha ekari nyingi za pilipili.

Sasa angerudi Kikima kusema nini? Kwamba mume wa Kathini amekufa mara ya pili, na safari hii mkononi mwake? Alijiambia atakwenda baada ya mavuno. Baada ya mavuno akajiambia atakwenda Krismasi. Miaka ikapita hivyo, ya kuahirisha. Akawa anamtumia Nzisa vitabu na viatu kupitia kwa watu, bila neno. Kisha siku moja redio ya Kikamba ikatangaza matanga: Kathini wa Kikima, mke wa marehemu Mbuvi, nyanya ya Nzisa aliye hapa, na ya Mbuvi mdogo aliye Kibwezi pamoja na mama yake. Mumbua alikuwa anaosha sufuria. Alisikia mtoto wake akitajwa pamoja na wazima, akaendelea kusugua sufuria ileile mpaka ikang'aa. Kwenye mazishi hakwenda.

Ndiyo sababu aliketi juu ya nyanya.

Kuanzia juma lile akaacha nafasi yake ndani ya soko, penye kivuli, akawa anatandika gunia lake chini ya mabati ya Bwana Shee. Shee alikuwa mzee wa Kiislamu. Babu yake alitoka pwani akafungua duka la leso na thamosi pale Kitui, na mpaka leo mzee mwenyewe huongea kama aliyewasili jana.

"Bibi wewe," akamwambia Mumbua, "ndani mna kivuli, mna wateja tele. Hapa kwangu wafuata nini? Pana jua na mkojo wa mbuzi."

"Hapa pananifaa."

"Panakufaa kwa lipi? Wawauzia mabati vitunguu?"

"Mabati hayabishani bei."

Shee akacheka, akamletea kigoda. Ndiye aliyemwambia, bila kuulizwa mara mbili, kwamba aliyechora ni msichana aitwaye Nzisa. Nyanya yake alipofariki alikuja kukaa na shangazi yake hapo Kitui, akajifunza kuandika mabango kwa fundi Ben karibu na stendi, kisha akaanza michoro yake mwenyewe, ile vijana wanaita grafiti. "Aliniomba ua huu nikamwambia chora, mradi usinichoree jeneza. Kila mahali huchora huyuhuyu mama. Migwani yupo, penye bucha. Mwingi yupo. Nadhani hajui kuchora kitu kingine."

Siku moja Nzisa akaja mwenyewe kuongeza rangi mahali pindo la sketi lilipobanduka. Alivaa ovaroli ya wanaume, kucha zake zina rangi ya bluu. Mumbua alijifunika leso mpaka kwenye nyusi. Mikono ikawa inapanga vitunguu vilivyokwisha kupangwa.

"Habari ya jua, mama," Nzisa akasema. "Vitunguu vyako ni vya wapi?"

"Vya Kibwezi."

Nzisa akachuchumaa. Akamtazama Mumbua usoni, macho kwa macho, kwa karibu kabisa. Kisha akachukua kitunguu akakibonyeza. "Hivi haviozi haraka?"

Hakumjua. Mumbua alingoja, akaona kweli hakumjua. Akamjazia mfuko mpaka ukataka kupasuka, na Nzisa alipotoa pesa akausukuma mkono wake nyuma.

"Mama, utafilisika hivi."

"Wewe umenipambia mahali pa kazi. Hebu niambie, huyu mama mbona hana uso?"

"Siukumbuki." Nzisa alisema hivyo kama mtu anayesema amesahau funguo. "Nilikuwa mdogo. Nakumbuka mgongo, viatu, na hicho kyondo. Nikijaribu uso, unakuja wa shangazi yangu."

"Na mtoto?"

"Ah, huyo ni ndugu yangu, Mbuvi. Huyo namkumbuka mzima mzima. Mama akilima, mimi ndiye namlea. Hilo sikio nilikuwa nalinyoosha kwa kidole, nikiliachia linarudi." Akaangalia juu kwenye mabati. "Huwachora barabarani na sokoni kwa sababu watu wa Kibwezi hupita huku. Siku moja mmoja wao atapita, aone, aseme, ala, huyu si mimi?"

Mumbua akafungua mdomo. Maneno yalikuwa yamefika, yapo hapo nyuma ya meno. Kilichotoka ni hiki: "Vioshe kabla ya kukata. Vina mchanga."

Nzisa akashukuru, akaenda zake, na Mumbua akabaki anautazama mgongo wake mpaka akapotea kwenye mitumba.

Usidhani alikuwa na amani, lakini alikuwa na mahali. Kila siku ya soko angefika mapema kabla ya wengine, angepangusa vumbi usoni pa mtoto kwa ncha ya leso, na angemwambia habari. Kwamba vitunguu vimepanda. Kwamba Katunge ana goti. Asiyekuwa na kaburi la kupalilia hupata shida ambayo wengine hatuijui, na Mumbua sasa alikuwa na mabati ya kupangusa. Alijiambia Nzisa akija tena atamwambia. Nzisa akaja tena, akanunua tena, akaondoka tena.

Askari wa kaunti ndio waliomtisha kwanza. Walikuja na ndoo ya rangi nyeupe, wakasema mji unachafuliwa, mchoro ufutwe au mwenye ploti atozwe faini. Shee akawapigia kelele mpaka wakachoka na joto, wakaahidi kurudi. Hawakurudi. Badala yao akaja mama mmoja kutoka Nairobi, mpole, amevaa shanga kubwa za mbao, pamoja na mafundi wenye bisibisi na lori lililojaa mabati mapya.

Shee alikuwa na furaha ya arusi. "Juzi kaunti wataka kunitoza kwa uchafu huu," akamwambia yule mama. "Leo wewe wanipa mabati mapya kwa uchafu uo huo."

"Si uchafu, mzee. Ni sanaa ya mtaani."

"Basi mbona mwaitoa mtaani?"

Mama wa shanga akacheka kwa adabu. "Ili isinyeshewe tena. Watu wa mbali wanataka kumwona Nzisa. Ana kipaji, mzee, na mvua haijui kipaji."

Mumbua alikuwa ameinuka. Alishika ukingo wa bati kwa mkono mmoja, pale penye kutu, na fundi akasimama na bisibisi yake hewani.

"Huyu msimtoe," Mumbua akasema.

Mama wa shanga akamgeukia kwa heshima. "Mama, mchoro ni wako?"

Hilo lilikuwa swali rahisi. Soko zima lingeweza kusikia jibu lake. Mumbua akaachilia bati.

"Hapana. Nimezoea tu."

Walianza na bati lenye mtoto. Wakalishusha taratibu, kama unavyomshusha mgonjwa kitandani, wakalifunga blanketi la kijivu, na ilipofika zamu ya kufunika uso Mumbua akageukia vitunguu vyake. Mtoto yule alimfunika mwenyewe mara moja, kwa leso, na alikuwa hajajiandaa kuona akifunikwa tena.

Mabati mapya yaling'aa hata yakamwumiza macho. Shee alimwuliza kama sasa atarudi kivulini. Mumbua akasema atafikiri. Jioni, kule Kibwezi, hakula.

Ilikuwa wakati wa kupepeta ndengu ndipo redio ikamleta Nzisa nyumbani. Mumbua na Katunge walikuwa wameketi uani, kila mtu na ungo wake, redio imetundikwa kwenye msumari wa mlango. Mtangazaji alikuwa mcheshi, akimwita Nzisa profesa wa mabati. Nzisa akaeleza kwamba michoro yake itaonyeshwa Jumamosi katika ile stoo ya zamani ya ndengu pale Kitui, halafu itapelekwa Nairobi, halafu Ulaya, ambako watu wamekwisha kuitaka.

"Na huyu mama asiye na uso?" mtangazaji akauliza.

"Ni mama yangu. Lakini hasa namtafuta ndugu yangu. Anaitwa Mbuvi, mwana wa Mbithi wa Kikima. Alipelekwa Kibwezi akiwa mchanga. Sikio lake la kushoto limejikunja."

"Hajajitokeza?"

"Wamejitokeza vijana watatu. Mmoja alikuwa amelikunja sikio kwa gundi."

Mtangazaji akacheka mpaka akakohoa. Katunge naye akacheka, kisha akahurumia. "Maskini msichana. Mbuvi wa Kikima. Umewahi kumsikia huku, Mumbua? Mimi nimekaa Kibwezi miaka yote hii, huyo sijamsikia."

Mumbua akamtazama. Mwanamke huyu ndiye aliyeshika jembe wakati yeye mwenyewe mikono ilikataa. Lakini Katunge alimjua mtoto yule kwa majuma machache tu, kwa jina la Mzee, na sikio alikwisha kulisahau. Jina lile lingine halikuwahi kutamkwa Kibwezi hata siku moja, kwa sababu ya heshima. Nzisa angeweza kutangaza mpaka sauti ikauke, na hakuna ambaye angemjibu.

"Sijamsikia," Mumbua akasema, na ungo ukamponyoka, ndengu zikatapakaa.

Waliziokota pamoja, moja moja, na Katunge hakuuliza kwa nini mwenzake analia kwa ndengu.

Jumamosi Mumbua alivaa gauni lake la kanisani na viatu vya ngozi. Hakubeba vitunguu, kyondo chake tu. Mlangoni pa stoo alisimama mjukuu wa Shee, Fahima, akikaribisha watu, na Shee mwenyewe alikuwapo, kanzu imepigwa pasi ikasimama.

"Bibi Vitunguu," akasema, "umekuja kuyasalimu mabati yangu? Ingia, ingia. Huku hakuna jua, wala mbuzi."

Ndani, sakafu ilikuwa imepigwa deki lakini ndengu hazikuwa zimeondoka. Harufu yake ilikuwa bado kwenye kuta, pamoja na ile ya dawa ya dumuzi. Watu walishika bilauri za juisi, wakisogea mbele na kurudi nyuma. Mlango wa bucha ya Migwani ulikuwa umesimamishwa kwenye chuma. Mabati ya Shee yalikuwa ukuta wa mbele, yamemulikwa kwa taa, na hakuna aliyeyaegemea. Mtoto alikuwa msafi kuliko alivyokuwa sokoni. Mumbua aliinua ncha ya leso yake, akaona kamba iliyozuia watu wasikaribie, akaishusha.

Akapita, akaingia chumba cha pili.

Humo hamkuwa na mabati. Mlikuwa na vitambaa vya turubai vilivyowambwa kwenye mbao, vipya, rangi ileile ya mikebe, na mama hakuwamo. Alikuwamo mvulana. Katika turubai ya kwanza amesimama peke yake, ameshika mguu wa meza, meno mawili ya chini. Halafu amevaa kaptura ya shule, magoti yana mafuta, sikio la kushoto limejikunja chini ya nywele zilizonyolewa. Halafu anaendesha ringi kwa kijiti. Halafu amekuwa mrefu ghafla, mikono imepita mikono ya shati, anatazama pembeni kama vijana wa umri ule wanavyoona haya. Na mwisho, karibu na dirisha, alikuwa mwanamume kamili. Ndevu zimeanza. Amesimama getini, mkono mmoja kwenye komeo, kama mtu aliyefika kwao na hana hakika kama ndipo.

Mumbua alitembea mbele yao polepole. Hakuna mwanamke aliyewahi kulea mtoto haraka hivyo. Alipofika kwa yule mwanamume, alijikuta ameweka kiganja kwenye shavu lake.

"Mama, usiguse tafadhali," mlinzi mmoja wa chumba kile akasema.

"Mwache." Ilikuwa sauti ya Nzisa, amevaa gauni leo, lakini kucha bado za bluu. "Huyu ni mama wa vitunguu. Mama, umekuja kutoka Kibwezi kote huko?"

"Nimekuja."

"Umewaona? Waliniambia wanataka nyingine, nichore zaidi. Nikakosa la kuchora, nikamwacha akue." Akakicheka kidogo kile alichokisema. "Sijui kama nimempatia urefu. Baba alikuwa mrefu."

Mumbua alikuwa bado ameshika shavu la turubai. Alivuta pumzi, na lile jina ambalo hakuwahi kulitia mdomoni tangu aolewe likatoka kavu.

"Mbuvi hakuwa mrefu. Mbuvi hakufika hata kusimama."

Katika chumba kile mtu mwingine alikuwa anaongea kwa simu, akamaliza, akatoka.

"Alikuwa ananyonya," Mumbua akasema. "Ndiyo sababu nilimchukua yeye. Wewe sare yako ilikuwa imeshonwa, iko ukutani, ina vifungo vyeupe. Nyanya yako, Susu, alinikataza, akasema kuna mbu. Sikumsikia. Tulifika, mvua ya kwanza ikanyesha, akashikwa. Daraja lilikuwa chini ya maji. Nilimzika na ile leso. Na hapo nilipomzika hapapo tena, Nzisa. Wamepanda pilipili. Nilishindwa kuja kumwambia Susu. Halafu nikashindwa kuja kwa sababu nilikuwa sijaja."

Alisema yote bila kulia, akitazama ndevu za yule kijana. Nzisa naye hakulia. Aliangalia turubai moja baada ya nyingine, kuanzia mlangoni mpaka dirishani, taratibu, kama mtu anayezima taa za nyumba. Kisha akamtazama Mumbua usoni, na Mumbua akaona anatafuta kitu hapo asikipate, kama siku ile ya vitunguu.

"Geuka," Nzisa akasema.

"Nini?"

"Geuka, mama. Nikuone."

Mumbua akageuka. Akasimama ameelekea dirisha, mgongo wake kwa binti yake, kyondo begani. Nje Shee alikuwa anamwonyesha mtu mahali mabati yake yalipokuwa, mkono wake unanyoosha kuelekea soko. Mumbua hakujua aendelee kusimama au la, akasimama. Akasikia Nzisa akipumua, mara moja, kisha tena, kwa shida.

"Redioni nilidanganya," Nzisa akasema. "Simtafuti yeye. Nimemchora kila mahali, nimemchora mpaka na ndevu, na siku zote nilikuwa namwonea wivu. Mwaitu, mimi nilitaka unibebe mimi."